NANI ALILIPIA PICHA? Mwanamke wa Kiyahudi wa Ulaya ya Mashariki Mbele ya Kamera

Wanafunzi wa historia wanapofika kwenye sura ya ufashisti, mara nyingi huingia moja kwa moja katika kambi za mauaji na kutokea huko huko. Wanajua kwamba Wanazi na vibaraka wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni sita, na kwamba walio wengi katika hao walitoka Poland, Lithuania, Ukraine, Belarus na nchi za jirani. Lakini waulize watu hao waliishije kabla ya mwaka 1939, walikula kwa kazi gani, waligombana na nani na kwa sababu gani. Jibu litakuwa picha tu: mzee mwenye ndevu nyeupe na kitabu mkononi, na pembeni yake mama aliyejitanda shali, mtoto kifuani, macho yamejaa huzuni.

Picha hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Wapo walioiagiza, wapo walioilipia, wapo walioichagua katika mamia ya picha nyingine na kuziacha zile nyingine sandukuni. Katika makala haya tunataka kumfuata mwanamke huyo wa picha, na tutamfuata kwa swali ambalo kada yeyote aliyezoea kuchambua mambo kitabaka atalitambua: nani alitoa fedha, na picha ilitakiwa ifanye kazi gani? Wanaochambua picha kwa uzuri wake tu, kwa mwanga na kivuli, hatuna ugomvi nao. Ila kwanza tuangalie uchumi.

Hali halisi ya maisha

Sensa ya dola ya Urusi ya mwaka 1897 ilihesabu Wayahudi zaidi ya milioni tano. Karibu wote walilazimishwa kuishi katika majimbo ya magharibi, yaliyoitwa Ukanda wa Makazi, na sheria za mwaka 1882 ziliwakataza hata kuhamia vijijini upya. Mtu asiyeruhusiwa kulima, asiyepewa kazi serikalini, ambaye milango ya vyuo vikuu ilifunguliwa kwake kwa kipimo, alibakiwa na nini? Alibakiwa na ufundi, uchuuzi na ukibarua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza dola za zamani zilivunjika na Poland ikawa taifa huru. Sensa yake ya mwaka 1931 ilionyesha Wayahudi milioni 3.1, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu kumi. Sheria za Tsar zilikuwa zimekwisha lakini umaskini haukwisha. Katika mji wa Łódź, uliokuwa kitovu cha viwanda vya nguo, vibarua wa Kiyahudi walikuwa wakizuiliwa kuingia katika viwanda vikubwa vya mashine, wakabaki kufuma majumbani na katika karakana ndogo, na ujira wao ulikuwa wa chini zaidi. Mwaka 1936 Waziri Mkuu wa Poland, Sławoj Składkowski, alisimama bungeni akatamka wazi kwamba mgomo wa kiuchumi dhidi ya Wayahudi ni halali, mradi wasipigwe. Na kupigwa walipigwa.

Mwanamke alikuwa wapi katika uchumi huo? Alikuwa kila mahali, ila vitabu vya serikali havikumwona. Dini ilimtukuza mwanamume anayekesha juu ya vitabu vitakatifu, na mke anayebeba duka na nyumba akaitwa mwenye fadhila. Waume walioweza kweli kusoma mchana kutwa walikuwa wachache, lakini desturi hiyo iliwapa wanawake njia ya kwenda sokoni bila kuonekana wavunja heshima. Walikaa gulioni wakiuza sili, mboga, vifungo na vitambaa. Walishona. Walinyonyoa manyoya ya mabata bukini kwa ajili ya mito. Karani wa sensa alipofika nyumbani aliandika kazi ya mume, na mke aliyefungua duka alfajiri na kulifunga usiku akaandikwa kuwa tegemezi. Wasomaji wetu waliokwisha kufanya utafiti juu ya kazi ya mwanamke shambani wataitambua hesabu ya namna hii.

Kisha kulikuwa na wasichana wa viwandani. Kiwanda cha tumbaku cha Shereshevsky katika mji wa Grodno kiliwaajiri kwa wingi wanawake wa Kiyahudi, na viwanda vya sigara, viberiti na soksi katika miji mingine vilifanya vivyo hivyo. Mwaka 1897 chama cha wafanyakazi wa Kiyahudi, Bund, kilianzishwa kwa siri katika mji wa Vilna, na wanawake walikuwamo tangu siku ya kwanza. Esther Frumkin, aliyezaliwa Minsk mwaka 1880, alikuwa mmoja wa wananadharia wake wakubwa na baadaye akaingia upande wa Wabolsheviki. Alikufa mwaka 1943 katika kambi ya wafungwa huko Kazakhstan, na uchungu wa habari hiyo hatuna sababu ya kuuficha. Rosa Luxemburg, aliyezaliwa Zamość mwaka 1871, kila msomaji wa jarida kama hili anamjua. Katika Poland ya miaka ya 1920 na 1930 Bund kilikuwa na tawi lake la wanawake wafanyakazi, na mwishoni mwa mwaka 1938, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji ya Warsaw na Łódź, ndicho kilichopata viti vingi zaidi miongoni mwa vyama vya Kiyahudi.

Basi tukiyashika hayo mkononi, tuziangalie picha.

Kamera ya mtawala na kamera ya msomi

Kamera ilipofika Ulaya ya Mashariki katika karne ya 19, watu wa kwanza kuielekeza kwa Wayahudi maskini walikuwa wapiga picha waliouza mkusanyo wa "aina za watu". Michał Greim wa Kamieniec Podolski alikuwa mmoja wa wanaojulikana. Mkulima wa Kiukraine, ombaomba, muuza maji, Myahudi: kila mmoja alisimamishwa peke yake na vifaa vyake, akapigwa picha kama mdudu aliyechomwa sindano katika kabati la makumbusho. Chini hakuandikwa jina. Jeshi la Ujerumani lilipoiteka Lithuania na sehemu za Poland na Belarus kati ya mwaka 1915 na 1918, biashara hiyo ilipamba moto. Askari walinunua kadi za posta zenye picha za wasichana wa Kiyahudi na masoko yao, wakazipeleka kwao kama kumbukumbu ya nchi ngeni. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili, maana katika zama hizo hizo studio za Unguja zilikuwa zikiuza kadi za posta za wanawake wetu, na chini yake limeandikwa kabila tu.

Polisi nao walikuwa na kamera yao. Rosa Luxemburg alipokamatwa Warsaw mwaka 1906 alipigwa picha ya mbele na ya ubavuni, kama walivyopigwa wahalifu wote. Majalada ya polisi wa siri wa Tsar yalijaa picha za namna hiyo, za washonaji, walimu na wanafunzi wa kike. Ni kichekesho cha historia kwamba picha zilizo wazi kabisa za wanawake wanamapinduzi wa wakati ule, bila shali wala machozi, zilihifadhiwa na adui yao.

Aliyejaribu njia nyingine alikuwa S. An-sky. Huyu alikuwa mwandishi na mwanamapinduzi wa mrengo wa wakulima, aliyewahi kuishi na wachimba migodi, na ndiye aliyeutunga wimbo rasmi wa Bund. Kati ya mwaka 1912 na 1914 aliongoza msafara wa kukusanya mila za Wayahudi wa vijiji na miji midogo ya Volhynia na Podolia, kwa fedha zilizotolewa hasa na tajiri Vladimir Gintsburg. Mpiga picha wake alikuwa kijana Solomon Iudovin, jamaa yake. Msafara huo uliandaa hojaji yenye maswali 2,087 inayomfuata mtu kutoka tumboni mwa mama hadi baada ya kifo, na kwa sababu hiyo maswali mengi ya mwanzo ni ya mambo wayajuayo wanawake: mimba, mkunga, hirizi, jicho baya, unyonyeshaji. Mwanamke aliulizwa, hilo tayari lilikuwa jambo jipya. Picha za Iudovin zinatuonyesha vikongwe, wasichana na mafundi, na kwa mara ya kwanza tunaziona sura zinazomtazama mpiga picha kama mtu wanayeweza kuzungumza naye. Lakini nia ya msafara ilikuwa kuokoa mambo ya kale yasipotee, na kwa hiyo yaliyo mapya, kama msichana aliyekata nywele na kusoma vijitabu vya siasa usiku, hayakuwa ndiyo yaliyotafutwa. Vita ya mwaka 1914 iliukatisha msafara kabla kazi haijaisha.

Kamera ya ng'ambo

Tangu miaka ya 1880 Wayahudi zaidi ya milioni mbili walikuwa wamehamia Marekani. Mwaka 1921, na kwa ukali zaidi mwaka 1924, serikali ya Marekani ilifunga mlango kwa sheria za mgawo. Familia zikabaki vipande viwili, baba New York na mama Białystok, na kati yao bahari. Hapo picha ikawa na soko. Gazeti la Forverts la New York, lililoandikwa kwa Kiyidishi na kuongozwa na Abraham Cahan, lilikuwa gazeti la kisoshalisti la wafanyakazi, na mwaka 1923 lilianzisha kurasa maalumu za picha. Mpiga picha wake mkuu nchini Poland alikuwa Alter Kacyzne, mzaliwa wa Vilna, ambaye pia alikuwa mwandishi wa tamthilia na hadithi mwenye studio mjini Warsaw. Kabla ya hapo, mwaka 1921, alikuwa amepiga picha za watu waliosubiri kuhama, kwa ajili ya shirika la HIAS lililosaidia wahamiaji.

Tukae kidogo kwa Kacyzne, maana ni rahisi kumwonea. Wanawake wake wanafanya kazi. Wapo wasokota nyuzi, wauza matunda, wafuma, walimu na watoto wao. Aliwapenda watu wake na aliijua lugha yao. Lakini msomaji wa New York, aliyekwisha kuwa fundi cherehani katika jengo la ghorofa kumi, hakununua gazeti ili aone mgomo wa Łódź. Habari za migomo alizisoma katika kurasa nyingine za gazeti lile lile. Kwenye kurasa za picha alitaka kumwona mama aliyemwacha. Kwa hiyo kikongwe alichukua nafasi kubwa kuliko umri wake katika idadi ya watu. Maelezo ya chini ya picha nayo yaliandikwa kwa kutabasamu: mwanamke mmoja wa Biała Podlaska, aliyetajwa kuwa na miaka 106, aliwasilishwa kwa wasomaji pamoja na kibiskuti anachokula kila jioni baada ya kutubu dhambi zake. Tunacheka, na tunapocheka hatuulizi nani anamlipia chumba.

Hata hivyo gazeti hilo hilo lilifanya jambo lililo kinyume chake, nalo ndilo tunalolipenda zaidi. Kwa miaka mingi lilichapa picha za wanaume waliowatelekeza wake zao. Mke aliyeachwa, ambaye kwa sheria ya dini hawezi kuolewa tena bila talaka ya mume, alipeleka picha ya arusi au ya pasi, ikachapwa na jina na umri, ili yeyote amwonaye bwana huyo Chicago au Cleveland atoe taarifa. Hapo mwanamke ndiye aliyeitumia picha, na anayetafutwa ni mwanamume.

Kamera ya misaada

Sasa tufike kwa mtu ambaye picha zake zimeishinda dunia. Roman Vishniac alizaliwa karibu na St. Petersburg mwaka 1897, akakulia Moscow, akahamia Berlin baada ya mapinduzi. Kati ya mwaka 1935 na 1938 shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani, lililojulikana kwa kifupi kama Joint, lilimwajiri apige picha za Wayahudi maskini wa Poland, Romania, Lithuania na milima ya Carpathia, ili zitumike kuchangisha fedha. Picha yake moja inaijumlisha kazi yote. Msichana mdogo aitwaye Sara amelala kitandani katika chumba cha chini ya ardhi mjini Warsaw. Ukutani nyuma yake yamechorwa maua. Maelezo yanasema chumba hakikuwa na moto wa kupasha joto, msichana akabaki kitandani majira yote ya baridi, na maua hayo yaliyochorwa na baba yake ndiyo pekee aliyoyajua utotoni.

Nani asiyeguswa? Wala hatusemi kwamba umaskini huo ulikuwa wa kubuni. Mgomo wa kiuchumi tulioutaja ulikuwa umewaangusha wachuuzi kwa maelfu, na fedha za Joint zililisha watoto halisi. Anayezibeza fedha hizo aende akalale katika chumba kile. Tunachosema ni hiki: picha ya Sara haimwonyeshi mwenye nyumba. Haimwonyeshi waziri mkuu aliyebariki mgomo wala kundi lililosimama mbele ya duka kuwazuia wateja. Imeutenga umaskini na chanzo chake, ikaufanya kuwa kama baridi, jambo linaloshuka toka mbinguni. Mfadhili wa Philadelphia aliitazama, akatoa dola, akalala. Kama angeonyeshwa mama yake Sara katika mkutano wa wapangaji, huenda angeuliza maswali, na huenda asingetoa dola. Shirika la misaada linalijua hilo. Sisi wa Afrika tumeyapitia haya kwa picha za Biafra mwaka 1968 na Ethiopia mwaka 1984, hata mashirika ya Ulaya yenyewe yakaona aibu na mwaka 1989 yakaandika kanuni za maadili juu ya picha na ujumbe kuhusu Dunia ya Tatu.

Jambo zito zaidi lilitokea baadaye. Watu wale walipokwisha kuuawa, picha za kuchangishia fedha ziligeuzwa kuwa historia. Vishniac alichapisha kitabu mwaka 1947 na kingine, maarufu zaidi, mwaka 1983, kiitwacho A Vanished World. Vitabu hivyo vilielemea wazee wa dini, watoto wa madrasa za Kiyahudi na maskini wa kutupwa. Mwenyewe alieleza kwamba aliona maangamizi yanakuja, akazunguka na kamera ya kificho kuokoa kumbukumbu ya watu wake. Mtafiti Maya Benton alipozifungua negativu zake, na kazi yake ikajulikana kwa umma kuanzia mwaka 2010, ilionekana kwamba ajira ya Joint ndiyo iliyomtuma, kwamba baadhi ya maelezo hayaafikiani na picha, na kwamba picha mbili zilizowekwa pamoja kana kwamba ni tukio moja hazikuwa tukio moja. Lililo muhimu kwetu ni kwamba masanduku yalikuwa na watu wengine ambao hawakuchaguliwa, wa mjini na wa kisasa, wenye nyuso zisizoomba kitu. Vishniac huyo huyo, alipotumwa Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1930 kwenye shamba la kuwafundisha vijana wakimbizi kilimo na ujenzi, aliwapiga vijana hao kutoka chini kwenda juu, wamesimama imara dhidi ya anga. Mkono ni ule ule, ila kazi iliyoagizwa ni nyingine.

Wapo wanaosema: watu wamekufa, ya nini kubishana juu ya maelezo ya picha? Tunawajibu kwamba aliyeuawa huuawa mara moja, lakini anaweza kusingiziwa kila kizazi. Mwanamke aliyeandamana siku ya Mei Mosi, akaenda jela, akasomesha watoto kwa Kiyidishi katika shule ya chama, anapogeuzwa kuwa shali na machozi, ufashisti unaachiwa ushindi ambao haukuupata wenyewe. Na kijana anayejifunza historia hiyo anaambiwa kimyakimya kwamba wale walikuwa watu wa kuuawa tangu zamani.

Picha walizozilipia wenyewe

Je, ipo kamera ambayo mwanamke mwenyewe aliilipia? Ipo, na ilikuwa katika kila mji mdogo. Wapiga picha wa miji hiyo walikuwa mara nyingi Wayahudi, na baadhi yao wanawake. Watu walikwenda studio kabla ya arusi, kabla ya jeshi, kabla ya safari, na karibu na mwaka mpya wa Kiyahudi ili kuwapelekea jamaa wa ng'ambo kadi ya salamu. Hatutaki kuipamba studio. Nayo ilidanganya: pazia lililochorwa bustani, kiti cha kifalme, mkufu wa kuazima. Mtumishi wa ndani alitoka humo akionekana bibi mkubwa. Maskini wa chini kabisa hakuingia, na kiwanda hakikuingia pia, maana mwenye kiwanda hakupenda kamera karibu na mashine zake. Lakini uongo wa studio ulikuwa wa mwenye picha. Alijichagulia nguo, akajichagulia wa kusimama naye. Katika picha hizo unaona mama amekaa na nywele zake za bandia kama sheria ya dini inavyomtaka mke, na nyuma yake binti amesimama na nywele fupi zilizokatwa kwa mtindo wa mjini, mkono juu ya bega la mama. Ugomvi mzima wa vizazi viwili umo katika picha hiyo.

Mfano tunaoujua vizuri zaidi ni wa mji mdogo wa Eishyshok, ambao leo ni Eišiškės nchini Lithuania na kati ya vita viwili ulikuwa ndani ya Poland. Hapo Yitzhak Uri Katz na mkewe Alte walikuwa na duka la dawa na studio ya picha, na Alte mwenyewe alikuwa mpiga picha; wengine pia walifanya kazi hiyo mjini. Mjukuu wao, Yaffa Eliach, aliokoka akiwa mtoto na akawa mwanahistoria huko Marekani. Mwaka 1979 alisafiri na ujumbe wa tume ya Rais wa Marekani kutembelea kambi za mauaji, ili kuandaa mapendekezo ya kumbukumbu ya taifa. Huko, mbele ya majivu na marundo ya viatu, aliamua kwamba hatakubali watu wa mji wake wakumbukwe kwa njia hiyo. Alizunguka nchi nyingi kwa miaka akitafuta kila picha iliyotoka Eishyshok, kwa jamaa waliohama na kwa waliookoka. Alikusanya maelfu. Zaidi ya 1,000 kati ya hizo zimepangwa katika mnara ndani ya makumbusho yaliyofunguliwa Washington mwaka 1993, na mwaka 1998 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya mji huo. Humo wanawake wako kwenye arusi, kwenye theluji, mandarini msituni, darasani, na vikundi vya vijana vya vyama mbalimbali vimejipanga na bendera zao. Mtu anayetafuta shali na machozi atachoka.

Tukumbuke ni kitu gani kinashindana na picha hizo. Wauaji nao walipiga picha. Desemba 1941, kwenye fukwe za Šķēde karibu na mji wa Liepāja nchini Latvia, Wajerumani walipiga picha za wanawake na wasichana waliolazimishwa kuvua nguo kabla ya kupigwa risasi. Fundi umeme wa Kiyahudi, David Zivcon, aliyekuwa akifanyishwa kazi katika ofisi ya polisi wa Kinazi, aliiona filamu hiyo, akaiba nakala, akaifukia, na baada ya vita ikawa ushahidi. Alifanya jambo la ushujaa, na mahakama ilizihitaji picha hizo. Lakini leo wahariri wa magazeti na vitabu vya shule huzichukua kwa urahisi, kana kwamba hakuna picha nyingine ya mwanamke wa Kiyahudi wa Latvia, na wanawake wale wanaonyeshwa tena na tena katika saa waliyoporwa kila kitu, kwa jicho la yule aliyewapora. Makada wanaofanya kazi katika uchapishaji na maonyesho hawana budi kulifikiria hili kabla ya kubandika picha ukutani.

Eishyshok iliangamizwa tarehe 25 na 26 Septemba 1941, wanaume siku ya kwanza, wanawake na watoto siku ya pili. Alte Katz alikuwa miongoni mwao. Kamanda Karl Jäger, aliyeongoza kikosi cha mauaji katika Lithuania, aliuingiza mji huo katika taarifa yake kwa tarehe 27: wanaume 989, wanawake 1,636, watoto 821, pamoja na waliokuwa wameletwa kutoka vijiji vya jirani. Wapiga picha wengine hawakusalimika pia. Kacyzne aliuawa Tarnopol Julai 1941, kwa kupigwa marungu na Waukraine walioshirikiana na Wanazi. Hazina yake ya Warsaw iliteketea, zikabaki picha zipatazo 700 tu, zile alizokuwa amezipeleka New York. Menakhem Kipnis, mwimbaji na mkusanyaji wa nyimbo aliyepigia Forverts picha pia, alikufa ndani ya geto la Warsaw mwaka 1942.

Negativu za Vishniac zimehifadhiwa Berkeley, California, tangu mwaka 2018, na picha za Kacyzne zilizosalia zimo katika taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925 na kuhamia New York wakati wa vita. Taasisi hiyo pia inazo tawasifu za vijana, zilizoandikwa kwa mashindano yaliyofanyika kati ya mwaka 1932 na 1939, na wasichana wamo kati ya walioandika: wanaeleza mishahara, vyama, vitabu walivyoazima, ugomvi na baba. Mwanafunzi anayeweza kuzipata, zikiwa zimetafsiriwa, aziweke mezani kando ya kitabu cha picha na azisome pamoja. Eliach alipokuwa akikusanya hakuchukua picha tu. Aliuliza aliyesimama kushoto ni nani, aliolewa na nani, alifanya kazi gani. Kwa picha nyingi za Kacyzne na Vishniac maswali hayo hayakuulizwa siku kamera ilipofika. Hata leo wajukuu hufika mbele ya picha za Vishniac wakamtambua shangazi, na jina linaandikwa mahali palipokuwa pameandikwa tu kwamba ni mwanamke sokoni.